Siri ni ya mtoto, hesabu ni ya ofisi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya MTAKUWWA, yaani mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, katika kata moja hapa Tanga mjini, upande wa Ngamiani. Mwaka jana majirani walituletea habari za binti wa miaka kama 11, ameletwa kutoka Lushoto kufanya kazi za ndani, hasomi na anapigwa. Tukamfikisha ustawi wa jamii, wakamchukua. Tangu hapo kimya. Tukiuliza tunaambiwa, "Hiyo ni siri ya mtoto." Tukasema basi, tupeni japo idadi ya mashauri yaliyotoka kwetu na yalikoishia, jibu likawa lilelile. Hata diwani hana takwimu. Je, tuna haki ya kujua lolote? Na tuanzie wapi bila kuitwa wachochezi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitangulize jibu lenyewe. Juu ya yule binti mna haki ya kujua machache: kwamba taarifa yenu ilipokelewa, kwamba ilishughulikiwa, na kwamba mtoto yuko salama. Juu ya kazi ya ofisi mna haki ya kujua karibu yote. Aliyewajibu alichukua kinga aliyowekewa mtoto akaifunika ofisi, na kinga ile haikuwekwa kwa ajili hiyo.

Tuanze na upande ambao ofisi iko sahihi, maana upo. Mahakama ya Watoto husikiliza mashauri faraghani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamlinda kila mtu, na mtoto ndiye wa kwanza kuihitaji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto nao, ibara ya 16, unakataza kuingilia faragha yake. Na hapo Ngamiani, ambako barabara zina namba na kila mtu anajua nani kahamia nyumba gani, jina si lazima litajwe. Ukisema "yule binti wa Lushoto aliyekuwa barabara fulani," umemaliza. Kwa hiyo alichomweleza afisa, alichoandika daktari, na anakolala sasa hivi, msivifuate. Hata mkipewa kwa urafiki, kataeni.

Lakini swali lenu la pili lilikuwa jingine kabisa. Mliuliza mashauri mangapi, na yameishia wapi. Hapo hamkumuuliza mtoto, mliwauliza watumishi wa umma wamefanya nini. Ibara ya 8 ya Katiba inasema Serikali itawajibika kwa wananchi, na ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa juu ya masuala muhimu kwa jamii. Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, katika kifungu cha 94 imeibebesha mamlaka ya serikali za mitaa wajibu wa kulinda ustawi wa watoto wa eneo lake, ikiwa ni pamoja na kuweka rejesta ya watoto walio katika mazingira hatarishi zaidi. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka hiyo. Ninyi wajibu wenu mliutimiza. Anayelazimishwa na sheria kupeleka habari hawezi kuambiwa kwamba kinachofuata hakimhusu.

Na Tanzania, iliyoridhia Mkataba huo mwaka 1991, hupeleka taarifa kwa Kamati ya Haki za Mtoto kule Geneva. Januari 2015 ilihojiwa huko juu ya taarifa zake za tatu hadi ya tano zilizounganishwa. Ibara ya 44 ya Mkataba inaitaka kila nchi isambaze taarifa hizo kwa upana kwa wananchi wake yenyewe. Haiwezekani basi hesabu iwe halali kusomwa Geneva na iwe mwiko kusomwa kwenye ofisi ya kata.

Sasa kuna jambo moja ambalo wanaodai takwimu hulisahau. Idadi ndogo inaweza kumtaja mtoto bila kutaja jina. Kata yenu ikiwa na mashauri mawili ya ukatili wa kingono kwa robo mwaka, afisa akasema "mawili, mmoja wa kiume wa miaka 9," mtaa mzima umeshajua. Ndiyo maana wanaofanya kazi ya takwimu za watoto hawachapishi idadi zilizo chini ya kiwango fulani, au huzijumlisha na za maeneo mengine. Ombeni za jiji zima kwa robo mwaka, na za kata kwa mwaka mzima, bila kuchanganua umri na jinsia kwa wakati mmoja. Mkiomba hivyo, kisingizio cha siri kinakosa pa kushika, na mtoto anabaki amefunikwa.

Halafu uzito wa swali. Watu wengi huuliza "kesi ngapi?" na hapo ndipo wanapopotezwa. Idadi peke yake inaweza kusomwa kinyume. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, matokeo yakatolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 na mvulana 1 katika kila 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba msichana kama 1 tu kati ya 5 katika hao alitafuta huduma. Ukiwa na picha hiyo kichwani, ofisi inayotangaza mashauri manne kwa mwaka haikupi habari ya mtaa wenye amani. Inakuambia watu hawafiki mlangoni kwake. Idadi ikipanda baada ya kampeni nzuri mashuleni, huenda ni imani iliyopanda wala si ukatili. Nimeona viongozi wakiipongeza ofisi kwa "kupunguza kesi" na nikatamani niombe kipaza sauti.

Kwa hiyo ulizeni safari ya shauri. Toka siku taarifa inapokelewa hadi afisa anamwona mtoto kwa macho yake, kwa kawaida hupita siku ngapi? Mangapi yalifungwa, na kwa sababu gani? Mangapi yalifika mahakamani, na mangapi yaliishia njiani kwa sababu "wamemalizana kifamilia"? Hili la mwisho lisisitizeni, kwa kuwa huko ndiko mashauri ya watoto yanakofia: wazee wanakaa barazani, fedha inapita, shahidi anasafirishwa, na kwenye faili inaandikwa kwamba mlalamikaji hakutokea. Watoto wangapi walirudishwa nyumbani, na wangapi kati yao walirudi tena ofisini na jeraha jipya? Makao ya watoto yaliyomo jijini yalikaguliwa lini mara ya mwisho? Na upande wa uwezo: kata ngapi zina afisa ustawi wa jamii, kiasi gani kilipitishwa kwenye bajeti, na kiasi gani kilitoka kweli? Tofauti ya hizo mbili za mwisho inaeleza mambo mengi kuliko hotuba. Afisa anayelipa bodaboda kwa fedha yake ili akamwone mtoto Pongwe au Tongoni hawezi kulaumiwa sawasawa na aliyekalia faili kwa uvivu, na ninyi hamtajua ni yupi kati ya hao wawili mpaka muulize.

Nikupe mfano wa nje, maana unafanana na shauri lenu kwa namna ya kutisha. Victoria Climbié alikuwa mtoto kutoka Ivory Coast. Wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake ampeleke Ulaya akapate elimu, kama vile wazazi wa milimani wanavyomkabidhi mtoto kwa ndugu aliyeko mjini. Alifariki London Februari 2000 akiwa na miaka 8, baada ya mateso ya miezi. Bwana Laming aliongoza uchunguzi wa hadhara, na ripoti yake ya Januari 2003 ilionyesha kwamba angalau mara 12 walikuwepo watumishi waliokuwa na nafasi ya kumwokoa: idara za ustawi za halmashauri nne, polisi, hospitali mbili. Kila mmoja aliona kipande chake akadhani mwenzake anashughulikia. Ripoti ilitaja nani alipokea simu, nani hakwenda kumwona mtoto, na msimamizi gani alikuwa hasomi mafaili. Lawama nzito Laming hakuzielekeza kwa afisa kijana aliyebebeshwa mafaili mengi. Alizielekeza kwa wakubwa waliosema hawakujua.

Uwazi wa namna hiyo una hatari zake, na Waingereza haohao walizionja. Mwaka 2007 mtoto mwingine, Peter Connelly, alifariki Haringey, mojawapo ya halmashauri zilezile. Mwaka uliofuata magazeti yaligeuka kundi la wawindaji, na waziri akatangaza mbele ya kamera kumwondoa mkurugenzi wa idara ya watoto. Mwaka 2011 Mahakama ya Rufani ikasema aliondolewa kinyume cha sheria. Katikati ya kelele zile, maombi ya kuwaondoa watoto kwa wazazi wao yaliongezeka ghafla. Ofisi ikiogopa kuandikwa gazetini hujilinda kwanza, na njia rahisi ya kujilinda ni kumchukua kila mtoto, au kutofungua faili kabisa. Ndiyo maana nawashauri mwiteni afisa wenu mezani kabla ya kumwitia waandishi.

Wamarekani nao wana kitu ambacho kamati yenu ingefaa kukiiga bila kusubiri ruhusa ya mtu. Sheria yao ya shirikisho ya kuzuia ukatili dhidi ya watoto, ya mwaka 1974 na marekebisho yake, inaziwekea sharti serikali za majimbo zinazopokea fedha zake: mtoto akifa au akinusurika kifo kwa sababu ya ukatili, matokeo ya uchunguzi yatolewe kwa umma. Tena kila jimbo liwe na mabaraza ya raia wa kujitolea wanaoipitia kazi ya ofisi, wakutane angalau kila baada ya miezi mitatu, watoe ripoti ya wazi kila mwaka, na ofisi iwajibu kwa maandishi ndani ya miezi sita. Msidhani kwa sababu hiyo mambo yao yamenyooka: Texas ilishtakiwa mwaka 2011 kwa hali ya watoto walio chini ya uangalizi wa jimbo, na mwaka 2015 jaji wa shirikisho akakuta haki zao zinavunjwa. Lakini liangalieni lile sharti la kujibu kwa maandishi. Kamati zetu za MTAKUWWA, zilizoundwa tangu mpango wa kwanza wa 2017/18 hadi 2021/22, kwa umbo zinafanana na mabaraza yale. Kinachopungua ni barua inayorudi. Andikeni kwenye muhtasari wa kikao: "Kamati inaomba mrejesho wa maandishi kabla ya kikao kijacho." Kikao kijacho kianze na ajenda ya yatokanayo, na katibu asome kama mrejesho umekuja au haukuja. Muhtasari unaosema "haukuja" mara tatu mfululizo una nguvu kwa mkubwa yeyote atakayeushika.

Sasa nani hasa anadaiwa jibu? Hapa pana mkorogo, na sehemu ya kimya mnachokiona inatokana na huo mkorogo kuliko nia mbaya. Sera ya mtoto iko kwa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Afisa wa kata ni mtumishi wa halmashauri, chini ya TAMISEMI. Katika halmashauri nyingi ustawi wa jamii umekaa pamoja na afya na lishe, wakati uratibu wa MTAKUWWA uko kwa maendeleo ya jamii. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto lenye vitabu vyake, hospitali ina rejesta yake, na simu ya bure 116 ina kumbukumbu zake. Mtoto mmoja anaweza kuhesabiwa mara tatu, au asihesabiwe popote. Msizunguke kwa wakuu wa idara mmoja mmoja, mtachoka. Anayewajibika kwa yote yanayofanyika ndani ya halmashauri ni Mkurugenzi wa Jiji.

Mwandikieni yeye, kupitia kwa Mtendaji wa Kata, mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016. Mwombaji awe raia wa Tanzania, aeleze anachotaka kwa uwazi wa kutosha, na ofisi ina siku 30 za kutoa taarifa au kukataa kwa kutaja sababu. Sheria ile inaruhusu kuzuia taarifa inayoingilia faragha ya mtu, kwa hiyo wafungieni mlango huo mapema ndani ya barua: "Hatuombi jina, makazi wala maelezo yanayoweza kumtambulisha mtoto yeyote. Tunaomba jumla ya mashauri ya ulinzi wa mtoto yaliyopokelewa na Halmashauri katika mwaka wa fedha uliopita, muda wa wastani kutoka kupokelewa hadi mtoto kuonwa na afisa, na idadi ya mashauri yaliyofungwa kwa kila sababu." Basi. Mistari mitatu. Nendeni na nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa masjala wenye tarehe mrudi nayo. Bila muhuri ule siku 30 hazina pa kuanzia kuhesabiwa, na barua nyingi za wananchi hufia hapo. Mkinyimwa, sheria imeweka utaratibu wa kuomba uamuzi upitiwe upya. Msaidizi wa kisheria aliye karibu nanyi atawaandalia bila gharama.

Mlango wa pili ni diwani, na mimi naupenda kuliko wa kwanza. Baraza la Madiwani hukutana kila robo mwaka na wananchi wanaruhusiwa kuingia kusikiliza. Kila kata hupeleka taarifa yake pale. Kwa nini taarifa ya kata yenu ina madarasa, vyoo na taka, halafu haina hata mstari mmoja wa ulinzi wa mtoto? Mstari huo anauandika mtendaji kwa kupewa na ninyi. Ukishasomwa barazani umeingia kwenye kumbukumbu, na mkurugenzi hana budi kuuzungumzia. Diwani anayesema hana takwimu mkumbusheni kwa adabu kwamba yeye ndiye mwenye kiti cha kuzidai.

Milango mingine naitaja upesi. Ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali huwekwa wazi zikishawasilishwa bungeni. Someni ya serikali za mitaa mtafute fedha za ustawi wa jamii. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma bila malipo. Mkihisi shauri limenunuliwa, TAKUKURU, namba 113.

Kuhusu kuitwa wachochezi. Hofu hii ina historia. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yaliwafanya watu waogope hata kutaja idadi yao wenyewe. Marekebisho ya 2019 yaliliondoa lile kosa la kutoa takwimu zinazopingana na za serikali. Hata hivyo, hamuhitaji kushindana na takwimu za mtu. Mnaomba za kwao. Barua yenye lugha ya staha, iliyopita kwa mtendaji, yenye sahihi za kamati nzima na siyo yako peke yako, ni vigumu kuipa jina hilo.

Ila, mwanangu, nanyi mjiangalie. Rejesta ya kamati yenu yenye majina ya watoto inalala wapi? Kama iko sebuleni kwa mjumbe, chini ya televisheni, ihamisheni leo. Na yale makundi ya WhatsApp ya mtaa: mtoto akipatikana na alama za kipigo, picha yake inazunguka kabla hajafika hospitali, uso wazi, na wanaoisambaza ni watu wema wenye huruma. Ofisi inaficha idadi ambayo ingemsaidia mtoto, sisi tunatawanya uso ambao ungepaswa kufichwa. Mkienda kudai uwazi huku simu zenu zimejaa picha hizo, afisa akiwanyamazisha nitamwelewa. Halafu, je, ninyi wenyewe mmewahi kuusomea mkutano wa mtaa idadi ya taarifa mlizopokea na mlizofikisha? Anzeni ninyi.

Turudi kwa binti. Akiwa na umri wa miaka 11 hakuruhusiwa kuajiriwa kabisa. Sheria imeweka umri wa chini kuwa miaka 14, na hata hapo kwa kazi nyepesi tu. Kwa hiyo shauri lake lina mambo matatu: kipigo, ajira haramu na shule iliyokatika. Mwulizeni afisa maswali ya ndiyo au hapana: Je, yuko salama? Je, amerudi shule? Kama alirudishwa kwao, je, afisa ustawi wa huko amekabidhiwa shauri kwa maandishi? Hilo la tatu lina uzito mkubwa. Mtoto akivuka mpaka wa halmashauri, faili aghalabu hubaki nyuma, na aliyemleta mjini mara ya kwanza anaijua njia ya kumrudisha. Afisa anaweza kujibu yote matatu bila kuvunja siri yoyote. Mkipata fununu kwamba yumo hatarini, msingoje siku 30 za mtu: pigeni 116 au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto siku hiyohiyo.

Na baraza la robo hii likikaribia, diwani apeleke swali moja tu, kwa maandishi, mapema kama kanuni za baraza zinavyotaka: katika mashauri ya watoto yaliyofungwa mwaka uliopita, mangapi yalifungwa kwa sababu familia zilimalizana? Msiongeze la pili. Mkiuliza matano, mjibuji atachagua lililo rahisi, na muda wa maswali utakuwa umekwisha.